Azimio la Kulishambulia Lango Letu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Mchora ramani mmoja aliwahi kuitia, akaichora ndogo kuliko ilivyojiona, naye akaishi wiki tatu baada ya hapo. Kwa hiyo sitaitaja jina. Nitasema tu kwamba ilikuwa nchi ya amani, iliyokuwa vitani kwa mwaka wa ishirini na sita.

Msingi wa amani hiyo ulikuwa Sheria ya Kutorudi Nyuma. Inasimuliwa kwamba Jemadari Mkuu, enzi za uluteni wake, alizingirwa na adui katika bonde la mpakani na hakurudi nyuma hata hatua moja. Wanahistoria wawili walioandika kwamba alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza kutembea walifundishwa historia upya, na mmoja wao bado ana meno kadhaa. Alipotwaa madaraka, Jemadari aliona si haki ushujaa huo uwe wake peke yake. Akaugawa kwa wananchi wote kwa njia ya sheria: mtu, mnyama wa kufugwa au chombo cha moto kisirudi nyuma, wala kisigeuke na kurudi kilikotoka.

Utekelezaji ulikabidhiwa Idara ya Mwelekeo, ambayo maafisa wake huvaa kijivu na kubeba rungu. Aliyerudi nyuma alivunjwa kisigino. Kosa la pili lilikuwa kisigino cha pili. Kosa la tatu halikuwahi kutokea, jambo ambalo Idara ililitaja kila mwaka katika ripoti yake kama ushahidi wa ufanisi. Barabara kuu ya mji mkuu ilijengwa ya mviringo, ili aliyesahau miwani nyumbani aweze kuifuata kwa kusonga mbele kilomita tisa.

Sheria hii ilifaa katika kila nyanja ya maisha isipokuwa mpira wa miguu.

Timu ya taifa, Nyundo, ilicheza katika Ligi ya Mataifa Manane, na mataifa saba mengine hayakuwa na sheria kama hiyo. Nyundo walishambulia wote kumi kwa pamoja, kwa ari iliyosifiwa hata na wapinzani. Lakini mpira ulipowapita, hawakuweza kuufuata. Beki aliyepitwa alilazimika kuendelea mbele hadi nje ya uwanja, kuuzunguka kwa nyuma ya majukwaa, na kuingia tena kupitia geti la mashabiki, ambako mara nyingine aliulizwa tiketi. Walifungwa saba. Wakafungwa tisa. Wakafungwa kumi na nne na kisiwa ambacho kipa wake alikuwa pia waziri mkuu.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya Mamba. Sare ingeibakiza Nyundo katika daraja la kwanza. Kushindwa kungeishusha, na kwa hali hiyo Wizara ya Mwelekeo na Michezo ilikuwa na kanuni fupi: wachezaji walioshindwa kulilinda lango la taifa uwanjani watapelekwa kulilinda bondeni. Bondeni ndiko vita vilikokuwa. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyepelekwa huko akaonekana tena, na Serikali ilieleza kwa fahari kwamba hilo lilithibitisha hakuna aliyewahi kukimbia.

*

Kocha wa Nyundo aliitwa Rajabu Mwinshehe. Nahodha wake, beki wa kati aliyevaa jezi namba tano, alikuwa Kombo Lihundi, mtoto wa dada yake marehemu. Kocha alimlea tangu akiwa na miaka minne, na alimpanga kikosini kwa sababu alikuwa beki bora nchini, sifa ambayo mahali pale haikuwa na ushindani mkubwa.

Jioni ya mabao kumi na manne walikaa katika chumba cha kubadilishia nguo bila kutazamana.

"Kumi na nne, mjomba," alisema Kombo.

"Najua. Nilikuwepo."

"Mimi sikuwepo. Manane yameingia niko nje, naomba kupita getini. Yule mzee wa geti sasa ananizoea. Ananiona tu, anauliza: limekuwa la ngapi?"

"Afadhali wewe ulipata wa kuzungumza naye," alisema kipa, Issa Nangwanda, huku akizamisha mikono katika ndoo ya maji. "Mimi nilikuwa na nyavu."

Kocha alisubiri wamalize kucheka, kisha akafunga mlango.

"Nataka kupeleka hoja Barazani," alisema. "Mechi na Mamba tulinde. Watu wote kumi na mmoja wawe nyuma ya mpira. Tupaki basi, tutafute sare, basi."

Issa alitoa mikono kwenye ndoo.

"Mjomba," alisema Kombo, "hapo umelisema neno 'nyuma' mara moja, tena ndani ya chumba kilichofungwa. Ukilisema Barazani mara mbili hutatoka na visigino."

"Visigino ninavyo viwili. Mpwa ninaye mmoja."

*

Baraza la Taifa lilikuwa na wajumbe thelathini na tisa na taratibu zilizosifika kwa uwazi. Kocha alisimama, akatoa hoja, na katika hoja nzima hakutamka neno lile hata mara moja. Alisema "upande wa kipa". Hata hivyo Waziri wa Mwelekeo na Michezo, Jenerali Mstaafu Ngulumbi, alielewa.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri, "nimesikia leo, ndani ya ukumbi huu mtukufu, pendekezo kwamba taifa lililozaliwa kwa kusonga lisimame. Lilinde nini? Mtu hulinda kile anachoogopa kupoteza. Sisi hatuogopi kupoteza. Tumepoteza mechi kumi na tatu bila hofu yoyote."

Wajumbe walipiga meza. Ndipo akasimama Mama Tabitha Mkwizu, mjumbe wa wilaya za kaskazini, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Wanangu wawili wako bondeni, Mheshimiwa Waziri. Huu mwaka wa sita. Sijapata barua."

"Hongera, mama. Wana shughuli nyingi za ushindi."

"Hata ya kuomba soksi?"

"Mshindi haombi soksi, mama."

"Basi mimi naunga mkono vijana hawa walinde," alisema Mama Tabitha. "Nimekwisha kutoa washindi wa kutosha."

Spika aliitisha kura. Katika nchi ile kura hupigwa kwa miguu: wanaounga mkono huanza kutembea kutoka ukuta wa kulia, wanaopinga kutoka ukuta wa kushoto, na kwa kuwa hakuna anayeweza kurudi nyuma wala kugeuka, pande mbili hukutana katikati. Wanaohesabiwa ni waliobaki wamesimama. Utaratibu huu umepunguza sana mijadala isiyo ya lazima.

Kura ya siku ile ilidumu dakika arobaini. Mjumbe wa Mifugo alitumia kiti. Mjumbe wa Elimu alimng'ata mwenzake wa Afya sikio na, kwa kuzingatia kanuni, hakulirudisha. Mama Tabitha, aliyevunjwa mkono mapema, alimwangusha Naibu Waziri kwa mkono uliobaki. Vumbi lilipotua, walikuwa wamesimama saba kwa saba. Mjumbe wa kumi na tano, mzee mmoja wa pwani, alikuwa amefariki akiwa ameegemea nguzo ya katikati, akahesabiwa kuwa hakuunga mkono wala hakupinga.

Ndipo Spika, ambaye pua yake ilikuwa upande mwingine wa uso, akamwomba ushauri Profesa Zuhura Kimweri, mtaalamu wa Baraza, aliyekuwa chini ya meza tangu mwanzo.

"Mheshimiwa Spika," alisema Profesa bila kutoka, "mbele ni wapi? Mbele ni kule uso wa mtu ulikoelekea. Mchezaji akiligeukia lango lake na kulikimbilia, anakwenda mbele kabisa. Tatizo la sheria ni kule kugeuka tu. Baraza likiruhusu kugeuka, kinachobaki si kulinda. Ni kulishambulia lango letu wenyewe."

Waziri Ngulumbi alifuta damu kwenye nishani zake na kutafakari. Neno kushambulia lilimpendeza.

Hivyo likapitishwa Azimio Namba 61. Waziri aliongeza neno moja tu, kwa kuwa ilikuwa mwiko azimio lolote kutoka Barazani bila neno askari. Lilisomeka hivi: "Kuanzia leo, askari au mchezaji yeyote atakayeigeukia nchi yake na kuikimbilia, huyo anashambulia, na asizuiwe na mtu." Jemadari Mkuu alilitia saini akiwa anakula.

*

Mechi ilichezwa nyumbani, mbele ya mashabiki elfu thelathini walioalikwa kwa malori. Nyundo waliligeukia lango lao na kulijaza. Mamba walipiga mashuti ishirini na tisa. Matatu yaligonga mwamba, sita yaligonga mbavu za Kombo, na yaliyobaki yalidakwa na Issa Nangwanda, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa na watu wa kumsaidia. Kufikia dakika ya themanini na tano ilikuwa bila bila. Kwenye benchi, Kocha Mwinshehe alikuwa ameng'ata kofia yake hadi ikapasuka.

Jukwaa kuu lilikuwa na wasiwasi wa namna nyingine.

"Tunashambulia lango lipi?" aliuliza Waziri, akiwa na Azimio mapajani.

"Letu, Mheshimiwa," alijibu Mkuu wa Idara ya Mwelekeo. "Kama ilivyoandikwa."

"Dakika themanini na tano?"

"Themanini na sita sasa, Mheshimiwa."

"Watu kumi na mmoja wanashambulia lango moja kwa dakika themanini na sita, na hawajapata bao. Anayetuzuia ni nani?"

Mkuu wa Idara alitazama kwa darubini, kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake.

"Kipa, Mheshimiwa. Kila mpira ukikaribia kuingia, anaudaka. Namba moja."

"Wa timu gani huyo?"

"Yetu, Mheshimiwa."

"Msaliti," alisema Waziri, kwa huzuni ya kweli. "Azimio linasema asizuiwe na mtu."

Katika dakika ya themanini na nane Mamba walipata kona. Mpira ulipokuwa hewani, afisa mmoja wa kijivu alitoka nyuma ya nyavu, akampiga Issa rungu la kisogo mara mbili, na kurudi mahali pake kwa kuzunguka bendera ya kona, kisheria. Mpira uliingia taratibu. Kombo alirudi kinyumenyume hatua mbili ili auwahi, akaukosa, na hatua hizo mbili zilionekana na uwanja mzima. Alivunjwa kisigino cha kulia palepale, juu ya mstari. Mwamuzi, raia wa nchi ya kigeni, alilitazama rungu, akatazama saa, akaonyesha katikati ya uwanja.

Mashabiki walishangilia kama walivyoelekezwa. Magazeti yaliandika kwamba Nyundo imelifunga lango ililolishambulia, bao moja kwa bila. Issa Nangwanda alifariki Jumanne, na katika cheti chake iliandikwa kwamba alifariki akisonga mbele.

Ligi ya Mataifa Manane, yenye mtazamo finyu, ilituma barua ya kuishusha Nyundo daraja. Waziri alijikuta na kweli mbili, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubagua, alizitekeleza zote. Kwa sababu timu ilishinda, Kocha Mwinshehe alipewa cheo cha Mshauri wa Ushindi na chumba Ikulu, kilichofungwa kwa nje. Kwa sababu timu ilishuka, wachezaji walipelekwa bondeni.

"Mjomba, usilie mbele ya hawa," alisema Kombo, alipokuwa anapandishwa kwenye lori akiwa amejifunga kisigino kwa soksi ya mechi. "Watadhani umefurahi."

*

Bondeni palikuwa na watu mia mbili na arobaini, mabaki ya maelfu. Kila alfajiri walisonga mbele hatua kadhaa na kupigwa risasi, na kila jioni waliosalia walichimba shimo pale walipofika. Siku ya kwanza Nyundo ilipoteza winga wote wawili. Siku ya tatu kombora lilimkuta mshambuliaji wa kati akifunga kamba za viatu; vikapatikana viatu tu. Kufikia mwisho wa wiki ya pili walibaki watano.

Vifungua kinywa vilikuwa vimekoma siku nyingi, na badala yake askari walisomewa maazimio ya Baraza. Asubuhi moja sajini mwenye sikio moja alisoma Namba 61.

"Afande," alisema Kombo, "hebu soma tena hapo kwenye askari."

"Kusoma tena ni kurudi nyuma."

"Basi nipe nisome mimi. Kwangu itakuwa mara ya kwanza."

Sajini aliona hoja ina mantiki, akampa karatasi. Kombo aliisoma kwa sauti, polepole, hadi penye saini.

"Kwa hiyo," alisema sajini, akitazama huku na huko, "mimi nikigeuka hivi, nikaelekea nyumbani..."

"Unashambulia, afande."

"Na kama mtu akinizuia?"

"Anavunja Azimio."

Sajini alipapasa mifuko akitafuta sigara, ingawa hakuwa na sigara. Alikuwa hajamwona mkewe kwa miaka kumi na moja.

"Kikosi," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Geuka. Shambulia."

Waligeuka watu mia mbili. Adui, ambaye katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuiona migongo yao, alidhani ni hila mpya ya kutisha, akakimbia kilomita mbili. Huo ndio ushindi pekee wa bondeni ninaoweza kuuthibitisha.

Njiani kulikuwa na vizuizi vitatu vya Idara ya Mwelekeo. Katika cha kwanza maafisa walisoma Azimio na kupiga saluti. Katika cha pili walisoma, wakavua magwanda ya kijivu, wakaungana nao. Katika cha tatu hawakupenda kusoma. Walizikwa kandokando ya barabara, na marungu yao yalitumika kuchimbia.

*

Siku msafara ulipoonekana kutoka kwenye madirisha ya Ikulu, Kocha Mwinshehe alitolewa chumbani na kupelekwa mbele ya Jemadari Mkuu. Waziri Ngulumbi alikuwepo, na ramani.

"Mshauri," alisema Jemadari, "timu yako inakuja."

"Nani yuko mbele, Mtukufu?"

"Kijana mrefu. Anachechemea mguu wa kulia."

Kocha aliomba maji, akanywa yote kabla ya kusema tena.

"Nimelifuta Azimio lile asubuhi hii," aliendelea Jemadari. "Kwa hiyo hao si washambuliaji tena. Ni watu waliorudi nyuma, na kugeuka kumekuwa kosa kwa kila mtu kama zamani. Nina walinzi mia nne. Waziri anasema watoke. Mimi, kwa mara ya kwanza, najiuliza kama wasikae ndani ya geti." Alishusha sauti. "Hiyo namna yenu ya kulinda. Ilifanya kazi?"

"Dakika themanini na nane, Mtukufu."

"Unashauri nini?"

Kocha alijua ukubwa wa swali hilo. Geti lilikuwa la chuma na kuta zilikuwa nene. Walinzi mia nne wangekaa ndani mwezi mzima na kuwamaliza mmoja mmoja wale waliokuwa nje, akiwemo yule anayechechemea.

"Mtukufu," alisema, "hoja ya kulinda niliipeleka mara moja, ikaua watu. Sitairudia. Washambulie. Wote, kwa pamoja, kwa ari."

"Umeona?" alisema Waziri.

Geti lilifunguliwa. Walinzi mia nne walitoka wakikimbia na kupiga risasi, na katika mita mia za kwanza waliwaangusha watu thelathini na mmoja wa bondeni, akiwemo sajini. Kisha Kombo alinyanyua mkono na kusema neno moja, "Wapisheni," na safu yake ikagawanyika kama pazia. Walinzi walipita katikati kwa mbio zile zile. Walipofika upande wa pili waligundua kwamba adui hayuko mbele yao tena, na kwamba tangu asubuhi ile kugeuka kulikuwa kosa. Mlinzi mmoja aligeuka. Afisa wa Mwelekeo aliyeambatana nao alimvunja kisigino bila kusita. Waliobaki walishika barabara ya mviringo, kilomita tisa, wengine wakiimba.

Watu wa bondeni waliingia getini wakitembea. Hawakuwa na nguvu ya kukimbia.

Jemadari Mkuu aliwaona wakipanda ngazi. Lazima iandikwe kwa haki kwamba hakupiga hatua hata moja nyuma. Alivaa kofia yake, akanyoosha koti, akashuka akiwaelekea, akapita katikati yao, nao wakampisha kama walivyowapisha walinzi wake. Hakuna aliyemgusa. Alitoka getini akashika barabara ya mviringo, Waziri akimfuata.

Habari za bondeni zilikuwa zimemtangulia. Kando ya barabara, kutoka kilomita ya kwanza na kuendelea, walikuwa wamesimama wanawake wa wilaya za kaskazini, kila mmoja na mchi wake wa kutwangia, na mbele yao Mama Tabitha Mkwizu, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji. Walikuwa wamewasubiri watoto wao tangu alfajiri, na walikuwa wamekwisha kuwahesabu waliorudi. Barabara ile, nimesema, ina kilomita tisa. Mashahidi wanakubaliana kwamba Jemadari alifika ya pili, na kwamba kwa mtu wa umri wake hayo yalikuwa mafanikio. Waziri hakufika.

Kelele zilisikika hadi Ikulu. Kombo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Wachezaji wengine wawili walikuwa wamelala juu ya zulia karibu naye, na hao watatu ndio Nyundo yote iliyokuwa imesalia.

"Mjomba," alisema, "tusitoke tukamwokoe? Wataua mtu kule."

Kocha alipiga magoti na kuanza kuifungua ile soksi, ambayo ilikuwa imegandana na ngozi.

"Kaa," alisema. "Tuutazame kwanza mguu huu."